Kaye ya kilio ni ya nani?

Hapa kwetu Lubumbashi, kilio ikianza asubuhi, komite inazaliwa kabla ya saa sita. Kuna prezida, kuna sekretere, kuna trezorie, kuna washauri wawili ao watatu ambao hakuna anayejua wanashauri nini. Meza ndogo inawekwa kwenye mlango wa lupango, kaye mpya inafunguliwa, bik inawekwa juu yake, na watu wanapita: jina, kiasi, sahihi. Bashi limesimama, viti vimefika, mbabula zimewaka, wamama wameanza kutwanga sombe. Kwa kuanzisha mambo, ndugu wasomaji, hakuna mji unaotushinda. Lakini siku ya nne viti vimerudi kwa mwenye kukodisha, bashi limekunjwa, wageni wamepanda bisi, na kaye haionekani tena. Iko wapi? Swali hili kila mmoja analiuliza chini-chini akiwa njiani kurudi kwake. Sisi tunaliuliza hapa kwa sauti, kwa sababu kitabu hiki ni cha mila, na tunaona mila moja kubwa inakufa mbele ya macho yetu huku tukibishana juu ya ngoma na rangi ya vitenge.

Tuseme wazi. Kazi ya komite haiishi siku ya maziko wala usiku wa harusi. Inaisha siku ile kaye imesomwa, imefungwa, na kuwekwa ndani ya mikono ya wenye nyumba. Komite iliyotawanyika kabla ya hapo imekimbia kazi, hata kama sanduku lilikuwa zuri na bukari ilitosha watu wote.

Komite nyingi zinadhani kaye ni chombo cha kazi yao, kama vile mwashi na mwiko wake: kazi imeisha, anaenda nao. Hapana. Mtu anayeleta franga elfu kumi kwenye kilio ya jirani hazitupi franga hizo, wala hanunui sahani ya bukari. Anaziweka. Anasema bila kufungua kinywa: leo iko kwako, kesho itakuwa kwangu, na mimi nimefika. Siku kilio itakapokuwa kwake, jirani yule anapaswa kujua kwamba fulani alikuja, alikuja na nini, alilala pale siku ngapi. Zamani, katika kijiji cha nyumba ishirini, kaye ilikuwa kichwa cha bibi. Bibi alijua nani alileta kuku, nani alileta unga, nani alikuja mikono mitupu lakini akachimba kaburi. Mjini, ambako watu wanatoka Ruashi, Kenya, Katuba, Kampemba, wengine Likasi na Kasumbalesa, hakuna kichwa cha bibi kinachoweza kushika hayo yote. Njo maana tuliingiza kaye. Kaye ni kichwa cha bibi kilichoandikwa kwa bik.

Sasa tuone inavyokuwa. Mjane anatoka ndani siku ya tano, macho bado yamevimba, anauliza kwa sauti ndogo. Anajibiwa: «Mama, kaye iko kwa sekretere, na sekretere alienda Kolwezi.» Wiki mbili baadaye sekretere amerudi, lakini kaye ilibaki kwa trezorie. Trezorie naye anasema aliiacha kwa shemeji. Mjane anachoka, anaacha. Miezi nane inapita. Mwanamke mmoja wa kanisa anafiwa na mtoto. Mjane wetu hajui kwamba mwanamke huyo alileta dola ishirini na mfuko wa makala, kwa sababu siku ile yeye alikuwa amelala chini kwenye mkeka, uso umefunikwa. Anaenda na franga elfu mbili, ao haendi kabisa, kwa kuwa ana watoto watano na hakuna kitu nyumbani. Ubaya wote unamwangukia. «Shiye tulimulilia bwana yake, leo yeye anatuletea elfu mbili.» Hakuna anayemlaumu sekretere. Kaye moja iliyopotea inakata urafiki wa nyumba kumi, na ndani ya nyumba hizo kumi hakuna hata moja inayojua kisu kilitoka wapi.

Hapo tunasikia sauti ya wazee wenzetu, hasa wale wanaopenda kusimama kama mawakili wa mababu: «Franga ya kilio haiulizwake. Kuhesabu ni mambo ya Wazungu. Mwafrika anatoa, anasahau.» Jibu hilo tumelisikia mara nyingi hata tumechoka nalo. Ni uongo, na wanaolisema wanajua ni uongo, kwa maana ni wao hao wanaokaa mstari wa mbele siku ya kutoa mali.

Ni nani asiyejua kikao cha mali? Liste inaandikwa. Koti ya baba, kitenge na kitambaa cha mama, blanketi, sufuria, mbuzi, jembe, chumvi, franga ya kufungua mlango, franga ya kufungua kinywa. Kila kitu kinatolewa nje ya mfuko, kinainuliwa juu, kinaonyeshwa kwa pande mbili. Blanketi moja ikikosekana, mjomba anasimama, kikao kinasimama naye. Mwishoni karatasi inatiwa sahihi na familia mbili, na kila upande unaenda na kopi yake. Hata Kode ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inatambua mali hiyo. Basi mzee anayeweza kukumbuka kwamba miaka kumi na tano iliyopita mkwe alileta mbuzi mmoja badala ya wawili, anatuambia vipi kwamba mila yetu haihesabu? Mila inahesabu pale inapompendeza, na inasahau pale anapoulizwa yeye.

Wawindaji nao wanahesabu. Mnyama akianguka, mguu una mwenyewe, kifua kina mwenyewe, na aliyekula fungu la mwingine anaitwa mbele ya watu. Na hapa mjini penyewe, kabla hatujazaliwa sisi, wafanyakazi wa Elisabethville walikuwa na vyama vyao. Katika miaka iliyofuata Vita ya kwanza ya Dunia, ngoma ya Mbeni, iliyotoka pwani ya Afrika ya Mashariki, ilifika hapa pamoja na askari na vibarua. Wabelgiji waliiogopa, wakaona ndani yake vyeo vya ajabu na siri. Lakini watu wale waliokuwa wanavaa kofia za magavana wa kuchezacheza walikuwa wanatoa michango, wanasaidia mwenzao mgonjwa, wanamzika mwenzao aliyekufa mbali na kwao. Chama cha namna ile hakiwezi kusimama wiki mbili kama hakuna anayejua nani ametoa na nani hajatoa. Hawakuwa na diploma. Hawakuwa na telefone. Walikuwa vibarua.

Hata leo, twende soko ya Kenya ao ya Katuba, tuangalie wamama wa likelemba. Mama anauza samaki tomson na mikate ya mihogo, shule yake iliishia darasa la tatu, lakini jioni wanapokusanyika, jina linatajwa, franga inahesabiwa mbele ya macho kumi na mawili, anayepokea anapokea, na kesho kutwa wanaendelea. Likelemba inaweza kuishi miaka na miaka. Komite ya kilio yenye lisansie watatu na muhasibu mmoja inakufa siku nne, na inakufa bila raporo. Sisi tuliosoma tungepaswa kuona haya kidogo mbele ya wamama hawa. (Na tunajua kwamba wengi wa komite hizi ni walimu wenzetu, wale ambao darasani wanamwadhibu mtoto aliyefanya hesabu bila kuonyesha kazi.)

Kuna sababu nyingine inayofanya jambo hili kuwa zito zaidi leo kuliko wakati wa baba zetu. Mfanyakazi wa Union Minière, baadaye Gécamines, alikuwa anapewa nyumba, unga, hospitali, shule ya watoto. Hata akifa, kampuni haikumwacha barabarani. Kilio ya wakati ule ilikuwa machozi na munkoyo, mzigo mkubwa ulikuwa umebebwa na mwingine. Mambo hayo yalianza kuvunjika miaka ya 1990, na mwaka 2003 na 2004 watu zaidi ya elfu kumi walitoka Gécamines kwa ile iliyoitwa «departi volontere». Tangu hapo, nani ananunua sanduku? Nani analipa morgi, gari, makaburi, chakula cha watu mia mbili? Ni kaye. Kaye imechukua nafasi ya kampuni. Kwa nyumba nyingi za mji huu, mchango ndiyo asiransi pekee iliyobaki. Asiransi ambayo daftari yake inapotea kila mara itakufa, na tumekwisha kuona dalili. Watu wanaanza kufika kwenye kilio wakipita mbali na meza. Wengine wanatia franga moja kwa moja ndani ya mkono wa mjane, kwa siri, wakisema «hii usiipeleke kule mbele». Hao si watu wabaya. Wameungua mara moja, wanaogopa moto.

Basi komite ifanye nini, mambo yakiisha? Tuanze na usiku wenyewe, kwa sababu hasara nyingi zinaanza pale, na zinaanza na kitu ambacho hakuna anayekiandika: vidange. Kila aliyewahi kuandaa harusi anajua. Kaziye za Simba na Tembo zinaingia kwa hesabu, mwenye depo ameandika ngapi, na chupa tupu zinapaswa kurudi ngapi vilevile. Saa tisa za usiku, animatere amelewa, vijana wanabeba chupa kwenda kuziuza kwenye nganda ya jirani, chupa nyingine zimevunjika chini ya meza. Asubuhi mwenye depo anafika, anahesabu, zinakosekana thelathini. Nani analipa? Wale waliokunywa wamelala. Anayelipa ni bwana harusi, ao mjane, ao yule kijana maskini aliyetumwa na kuweka jina lake kwenye bon. Komite inayojiheshimu inachagua, tangu mwanzo, watu wawili wasiokunywa, kazi yao ni vidange tu. Wahesabu mbele ya mwenye depo, waandike, watie sahihi. Ni jambo dogo, lakini tumeona ndugu wa damu wakikatana maneno juu ya chupa thelathini.

Viti, sufuria, bashi na jenereta vinafuata njia hiyo hiyo. Kiti kilichovunjika kiandikwe usiku uleule, si siku mwenyewe anapokuja na hasira. Sufuria za majirani, hasa, zirudishwe zimeoshwa, na zirudishwe na mtu mzima, si na mtoto anayeziacha mlangoni na kukimbia. Mama aliyeazima sufuria yake kubwa bila kuuliza franga hata moja ametoa mchango. Anastahili kuandikwa ndani ya kaye kama yule wa dola hamsini. Vivyo hivyo kijana aliyechota maji, mzee aliyelala nje siku tatu kwenye moto, jirani ambaye choo chake kilitumiwa na watu mia na akanyamaza. Kaye inayoandika franga tu ni nusu kaye.

Kisha kikao. Si baada ya mwezi. Wiki moja, watu wakiwa bado na kumbukumbu, na wale wanaotoka mbali wakiwa hawajarudi wote. Sekretere anasoma, trezorie anatoa fakitire, deni zinatajwa moja moja: mwenye bashi anadai ngapi, fundi wa sanduku anadai ngapi, gari la pili lililipwa na nani. Kama deni linabaki, komite iliyolichukua isilitupe juu ya mjane kama mzigo wa mkaa. Iseme: tulikosea hesabu, turudi kwa watu. Watu wakiona hesabu, wanatoa tena. Wasipoiona, wanafunga mkono, na wana haki.

Tunajua kuna wenye kusema kwa nia nzuri: mkisoma viasi mbele ya watu, mnamwaibisha maskini aliyetoa franga mia tano. Neno hilo ni la kweli, na tunalipokea. Mbele ya watu wote isomwe jumla: imeingia ngapi, imetoka ngapi, imebaki ngapi, nani tunamdai, nani anatudai. Majina yasomwe bila viasi, yote, ya mkubwa na ya mdogo, kwa mfuatano uleule waliofika. Viasi vya kila mmoja vibaki ndani ya kaye, na kaye inaenda kwa wenye nyumba tu. Hapo maskini amelindwa na mjane amepata kumbukumbu yake. Lakini tumegundua kitu: wale wanaopiga kelele zaidi juu ya haya ya maskini mara nyingi si maskini. Ni wale waliotangaza kwa mikrofoni dola mia, watu wakapiga makofi, na mpaka leo dola mia hizo hazijafika mezani. Kwao kaye ni hatari kweli.

Kuna wengine wanaosema: «Shiye tulitumika bure, siku tatu hatukulala, na bado munatuuliza? Weye uko mufiwa ao uko inspekteri?» Tunaheshimu kazi ya bure. Lakini kazi ya bure haimpi mtu haki ya kutoulizwa. Anayebeba mtoto wa mwenzake bure anapaswa bado kumrudisha. Na tena, bure ya namna gani? Tumeona, wengi wetu, kile kinachoitwa «kikao cha komite cha kushukuruana». Franga iliyobaki, badala ya kufika kwa watoto wa marehemu, inanunua mbuzi na kaziye sita, na komite inakula mbuzi huyo jioni moja, ikijipongeza kwamba kilio ilienda vizuri. Salio ya kilio si ya komite. Kama familia yenyewe, kwa hiari, inataka kuwapa waliofanya kazi chakula, iwape, iseme kwa mdomo wake. Komite isijishukuru kwa mkono wake mwenyewe ndani ya mfuko wa mwingine.

Wajomba na baba wadogo nao tusiwaache. Mara nyingi, kaye ikionekana, wao ndio wanaoichukua: «Ni ya familia.» Familia gani? Mjane na watoto hawamo ndani ya familia? Wengine wanataka salio igawanywe kama urithi, pamoja na redio na kitanda. Tuwakumbushe jambo moja. Mchango uliletwa baada ya mtu kufa. Marehemu hakuwahi kuushika, hawezi kuuacha kama urithi. Uliletwa kwa waliobaki wakilia. Na hata kama mtu anapenda kwa nguvu kuuita urithi, Kode ya Familia inawapa watoto wa marehemu robo tatu kabla ya wengine kufungua kinywa. Kwa hiyo mjomba anapoteza njia zote mbili. Aketi.

Tangu M-Pesa ilipoingia Kongo mwaka 2012, mambo yamekuwa marahisi na magumu pamoja. Ndugu wa Kinshasa, wa Ndola, wa Ulaya, wanatuma mchango wakiwa wameketi. Vizuri sana. Lakini unatumwa kwa numero ya nani? Kwa numero ya mtu mmoja, na mesaji inafika kwenye telefone yake peke yake. Mezani kuna watu watatu wanaotazamana. Ndani ya telefone hakuna anayemtazama mtu. Halafu grupu ya WhatsApp iliyofunguliwa kwa ajili ya kilio, ambayo siku ya kwanza ilikuwa na mesaji mia tatu za «poleni sana», inaanza kunyamaza, na siku mtu anapoandika «Trezorie, raporo?», tunaona maandishi madogo: trezorie ametoka katika grupu. Dawa yake si ngumu. Kila franga iliyopita kwenye telefone iandikwe ndani ya kaye ya karatasi siku ileile, pamoja na jina la aliyetuma na saa, na siku ya kikao telefone iwekwe mezani, mesaji zisomwe mbele ya wawili wa familia. Anayekataa kuweka telefone mezani amekwisha kujibu swali.

Wengine watasema kwamba mambo haya hayawezekani katika vurugu ya kilio. Tunakumbuka mwaka 2020. Tarehe 18 mwezi wa tatu, Rais Tshisekedi alitangaza hatua za kupambana na korona: hakuna mkutano wa watu zaidi ya 20, hakuna kilio nyumbani wala ndani ya sali, maiti itoke morgi kwenda makaburini moja kwa moja. Ilikuwa uchungu. Watu walizikwa kama wasiokuwa na kwao, na hatutaki kurudia siku zile. Lakini michango iliendelea kufika. Bila bashi, bila sauti kubwa, bila bukari ya watu mia mbili, nyumba nyingi zilipokea karibu yote iliyotumwa, na zilijua imetoka kwa nani, kwa sababu ilipita mikono michache. Hatusemi kilio iwe ndogo. Tunasema tu kwamba vurugu si sharti ya machozi.

Juu ya harusi tutasema kidogo, kwa maana ugonjwa ni uleule, ila umevaa nguo nyeupe. Kati ya «kitchen party» iliyotufikia kutoka Zambia, mali, komini, kanisa na sali, komite inaweza kuwa tatu ao nne, kila moja na kaye yake, na hakuna inayojua ya mwenzake. Jumatatu bwana harusi na bibi harusi wanaamka na kukuta mpiga picha mlangoni, mwenye sali nyuma yake, mwenye keki nyuma ya mwenye sali. Prezida wa komite telefone yake imezimwa. Ndoa inaanza na deni ambalo hawakulichukua wao. Halafu zawadi: bahasha zilifunguliwa na nani, wapi, mbele ya nani? Vijana hawathubutu kuuliza, wanaogopa kuitwa wasio na adabu. Tunawaambia: ulizeni, kwa magoti kama inatakiwa, lakini ulizeni.

Usafi, tutataja tu. Wazee walikuwa hawaondoki kwenye kilio majivu ya moto yakiwa bado uani. Kufagia ilikuwa sehemu ya kumaliza matanga, kama vile kunyoa nywele. Leo tunaacha barabarani sahani za plastiki, chupa za maji, sashe nyeusi ambazo dekreti ya tarehe 30 desemba 2017 ilizikataza, na mvua ya kwanza inazipeleka ndani ya mfereji wa jirani. Mobutu alikuwa na makosa yake mengi, lakini wale waliokua miaka ya 1970 wanajua salongo ilikuwa nini. Vijana kumi, saa mbili, fagio. Tusiongeze.

Na shukrani, ambayo ni mila ya kweli kabisa, imeanguka mpaka kuwa karatasi moja ya fotokopi iliyobandikwa mlangoni mwa kanisa: «Familia fulani inawashukuru wote, kwa karibu na kwa mbali.» Kwa karibu na kwa mbali ni nani? Karatasi hiyo inaandikwa hivyo kwa sababu kaye imepotea na majina yamepotea nayo. Familia yenye kaye mkononi inaweza kumtuma mtoto kwa mwenye sufuria, kumpigia telefone ndugu wa Ndola, kupita kwa mchimba kaburi na kumwambia: tuliona. Hiyo haigharimu kitu. Inahitaji tu kujua ni nani.

Kwa upande wetu, tumekubaliana, walimu kadhaa wa kartie yetu na wamama wa likelemba, kwamba hatuandiki tena jina letu kwenye kaye yoyote kabla ya kumuuliza sekretere maneno mawili: itafungwa siku gani, na itabaki kwa nani. Mara ya kwanza tulipouliza, meza nzima ilicheka, prezida akatuangalia kama wachawi. Mara ya pili walinung'unika. Mara ya tatu, kwenye kilio ya mzee mmoja wa avenyu ya nyuma, sekretere, kijana mdogo, alichukua bik bila kusema kitu, akageuza kaye, akaandika kwenye jalada: «Jumamosi ijayo, saa tisa mchana, hapa hapa. Kaye ni ya mama na watoto.» Tulitoa mchango wetu, tukaandika majina. Jumamosi ile, saa tisa, viti ishirini havikutosha.